Majina ya Mahali na Sifa Zitokanazo Nayo: Mfano wa Bugarama, Pamoja na Kilatini na Kiyunani

Jina Bugarama lapatikana katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, kaskazini-magharibi ya Tanzania. Mtu akitaka kulitaja kwa Kiswahili hana taabu: atasema Bugarama, au kule Bugarama, au kutoka Bugarama. Taabu yaanza atakapotaka kumtaja mtu wa huko kwa neno moja. Je, aseme Mgarama, kama vile mtu wa Usukuma aitwavyo Msukuma? Au aseme Mbugarama, kama vile mtu wa Pemba aitwavyo Mpemba? Au Mnyabugarama, kwa kufuata mfano wa Mnyarwanda? Au aseme mtu wa Bugarama, aishie hapo? Maneno haya manne yote yaweza kuundwa bila kuvunja kanuni ya Kiswahili, walakini hayana uzito mmoja. La kwanza laweza kuzua kabila lisilokuwako. Na kabila likishaandikwa katika ramani au kamusi, si kazi nyepesi kulifuta.

Swali hili si la Kiswahili peke yake. Warumi na Wayunani wa kale walilijadili kwa urefu, na wataalamu wao waliacha maandishi juu yake. Kwa hiyo yafaa kwanza kutazama jinsi lugha zile mbili zilivyounda maneno ya sifa kutokana na majina ya mahali, kisha kurudi pwani ya Afrika ya Mashariki na hatimaye Ngara na Biharamulo, ili kuona ni lipi kati ya maneno yale manne lina haki ya kuingizwa katika vitabu.

Kilatini

Katika Kilatini karibu kila mji una neno lake la sifa, na neno hilo huundwa kwa kutia kiambishi nyuma ya shina. Viambishi hivyo ni vingi. Kutoka Roma hupatikana Romanus. Kutoka Tusculum, Tusculanus. Kutoka Neapolis, Neapolitanus. Kutoka Athenae hupatikana Atheniensis. Kutoka Carthago, Carthaginiensis. Kutoka Cannae, Cannensis. Kutoka Latium hupatikana Latinus. Kutoka Tarentum, Tarentinus. Kutoka Praeneste, Praenestinus. Na kutoka Arpinum, mji alikozaliwa Cicero mwaka 106 kabla ya Kristo, hupatikana Arpinas. Sauti za jina peke yake hazimtoshi mgeni kujua ni mji upi uchukuao -anus na ni upi uchukuao -ensis. Hana budi kujifunza kwa wenyeji.

Jambo hili ndilo lililomshughulisha Marcus Terentius Varro, aliyekufa mwaka 27 kabla ya Kristo. Katika kitabu cha nane cha De Lingua Latina alikusanya hoja za wale waliokataa kwamba lugha hufuata mlinganyo kila mahali, yaani kwamba maneno mawili yakifanana, na matawi yao lazima yafanane. Miongoni mwa hoja hizo mna majina ya miji. Miji miwili ina jina moja la Alba, lakini watu wa mmoja huitwa Albani, na watu wa mwingine huitwa Albenses. Miji mitatu huitwa Athenae, na watu wake hutajwa kwa maneno matatu mbalimbali. Jina la mahali ni moja, sifa ni tofauti; wala tofauti hiyo si upotovu wa lugha, kwani yawasaidia watu kutambua ni Alba ipi inayosemwa.

Tena Kilatini chatofautisha mtu aliye wa nchi kwa kuzaliwa na kitu au mtu aliyeko katika nchi hiyo tu. Hispanus ni mwenyeji wa Hispania kwa asili. Hispaniensis ni cha Hispania au aliyeko Hispania, hata akiwa Mrumi. Mshairi Martial, ambaye mwenyewe alizaliwa Bilbilis katika Hispania, aliichezea tofauti hii katika dibaji ya kitabu chake cha 12. Akiwa amerudi kwao baada ya miaka mingi ya kukaa Roma, aliona hofu kwamba kitabu atakachokipeleka Roma kisiwe kimeandikwa Hispania tu, bali kiwe kimegeuka kuwa cha Kihispania chenyewe. Mzaha huo hauwezi kueleweka na mtu asiyejua kwamba maneno hayo mawili yana maana mbili.

Kiyunani

Kiyunani nacho kina viambishi vingi. Kutoka Korinthos hupatikana Korinthios. Kutoka Athenai, Athenaios. Kutoka Megara, Megareus. Kutoka Abdera, Abderites. Kutoka Kyzikos, Kyzikenos. Lakini wataalamu wa sarufi wa Kiyunani waliyagawa maneno ya jinsi hii katika mafungu mawili, nao mgawanyo huo una faida kubwa kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Fungu la kwanza waliliita ethnikon, yaani neno limtajalo mtu wa mahali. La pili waliliita ktetikon, yaani neno lionyeshalo kwamba kitu ni cha mahali hapo au cha watu wa hapo. Hivyo Perses ni mtu wa Uajemi, lakini Persikos ni sifa ya kitu cha Uajemi. Lakon ni mtu, lakini Lakonikos ni sifa ya kitu.

Kiyunani nacho chatofautisha mtu wa asili na mkazi. Wenyeji wa kale wa kisiwa cha Sikelia waliitwa Sikeloi. Wayunani waliohamia huko na kujenga miji hawakujiita hivyo, waliitwa Sikeliotai. Neno la kwanza ni jina la watu, na nchi ikapata jina lake kutokana na hao watu. Neno la pili limetoka katika jina la nchi, nalo humtaja yeyote aliyefanya makao humo. Hapo zaonekana njia mbili zinazopishana: watu waweza kuipa nchi jina, na nchi yaweza kuwapa watu jina. Wakati mwingine njia zote mbili hufuatana katika neno moja. Afer alikuwa mtu wa kabila lililokaa karibu na Carthago. Kutokana na Afri nchi yao ikaitwa Africa. Kutokana na Africa likaja Africanus, sifa aliyopewa Scipio baada ya kumshinda Hannibal. Na Kiswahili kikaongeza ngazi moja kwa kutia kiambishi mbele, kikapata Mwafrika.

Pwani ya Afrika ya Mashariki yenyewe imo katika maandishi ya Kiyunani. Kitabu cha safari za Bahari ya Hindi kiitwacho Periplus, cha karne ya kwanza baada ya Kristo, chataja bandari ya Rhapta, na chaeleza kwamba jina hilo limetokana na mashua zilizoshonwa. Tendo la Kiyunani lenye maana ya kushona lina shina hilohilo. Naye Ptolemaios, katika jiografia yake ya karne ya pili, awataja watu wa sehemu hizo kwa jina la Rhapsioi, ambamo t ya Rhapta imekuwa s, kama vile watu wa Miletos waitwavyo Milesioi. Hapa jina la mahali limebuniwa na wageni kutokana na kazi ya wenyeji, kisha wenyeji wakapewa jina litokanalo na mahali pale. Vipi watu hao walivyojiita wenyewe, kitabu hakisemi. Wakabaki katika ramani kwa jina la mshono wa mashua zao, na kwa kiambishi cha lugha isiyo yao.

Kiswahili

Kiswahili hufanya kwa kiambishi cha mbele kazi ile ambayo Kilatini na Kiyunani hufanya kwa kiambishi cha nyuma. Mtu huchukua m- au mw-, watu huchukua wa-, na lugha, desturi au namna huchukua ki-. Kutoka Pemba hupatikana Mpemba, Wapemba na Kipemba. Kutoka Tumbatu, Mtumbatu na Kitumbatu. Kutoka Ngazija, Mngazija na Kingazija. Kutoka Amu, Mwamu na Kiamu. Kutoka Mvita, Kimvita. Mgawanyo wa Wayunani waonekana waziwazi: m- na wa- ni ethnikon, na ki- ni ktetikon. Mtu ni Mpemba, lakini wimbo ni wa Kipemba.

Urahisi huu waonekana vizuri katika nyaraka za Agano Jipya. Katika Kiyunani nyaraka hizo zina anwani zenye viambishi mbalimbali: Korinthios na Ephesios kwa -ios, Kolossaeus na Thessalonikeus kwa -eus; na Philippesios ni umbo lililofuata Kilatini Philippensis, kwa maana Filipi ulikuwa mji wa walowezi wa Kirumi. Tafsiri za Kiswahili zimezipa zote kiambishi kimoja: Wakorintho, Waefeso, Wakolosai, Wathesalonike, Wafilipi. Hata Wagalatia wamepita mlango huo. Kwa Kiyunani watu hao ni Galatai, nao ndio walioipa nchi ya Galatia jina lake. Kama Kiswahili kingalifuata asili, kingalisema Wagalata. Lakini kimesema Wagalatia, yaani watu wa nchi ya Galatia. Kiswahili kikikutana na jina la kigeni, huelekea kulishika jina la mahali likiwa zima na kuweka kiambishi mbele yake.

Iko njia ya pili, iliyotoka katika Kiarabu. Katika lugha hiyo sifa ya mahali, iitwayo nisba, huundwa kwa kutia i ndefu mwishoni. Sheikh Uways bin Muhammad, aliyezaliwa Barawa mwaka 1847 na kufa mwaka 1909, aitwa al-Barawi. Nisba imeingia katika Kiswahili pamoja na maneno mengi, na mara nyingi Kiswahili hakikuihesabu kuwa ni kiambishi, bali kilitia na chake mbele. Myunani ni mfano mmoja: Kiarabu kilipata Yunan kutokana na Waionia, kikaunda nisba Yunani, kisha Kiswahili kikaongeza m-. Lakini mfano ulio mkubwa kuliko yote ni jina la lugha yenyewe. Sawahil ni wingi wa sahil, maana yake pwani. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliitaja nchi ya Sawahil. Sawahili, kwa nisba, ni mtu au kitu cha pwani. Katika neno Kiswahili i ya mwisho ni kiambishi cha Kiarabu na ki- ya mwanzo ni kiambishi cha Kibantu, na vyote viwili vyafanya kazi moja. Jina la lugha hii, basi, lenyewe ni neno la sifa litokanalo na mahali.

Jambo la tatu katika Kiswahili ndilo lenye hatari, nalo ni kiambishi u-. Majina mengi ya nchi huundwa kwa u- na shina lilelile la jina la watu: Msukuma na Usukuma, Mgogo na Ugogo, Mhehe na Uhehe. Kwa mfano huo nchi za mbali nazo zimepewa u-: Ufaransa, Ujerumani, Uturuki, Uajemi. Mwenye kuyazoea maneno haya huweza kudhani kwamba kila jina la mahali lianzalo kwa u laweza kukatwa u yake ili kupata shina la watu. Lakini haiwi hivyo. Mtu wa Unguja ni Mwunguja na lugha yake ni Kiunguja; hakuna asemaye Mnguja wala Kinguja, kwa kuwa u hiyo ni sehemu ya jina. Ulaya pia haikatwi. Neno hilo latoka katika Kiarabu wilaya, na u yake haina uhusiano na ngeli ya Kibantu. Hakuna Mlaya, yuko Mzungu, na vitu vyake huitwa vya Kizungu. Kwa hiyo jina la mahali laweza kuwa na shina moja, na jina la watu wake likawa na shina jingine kabisa. Kilatini kilikuwa na jambo hilohilo: mji ni Carthago, lakini watu wake waliitwa pia Poeni, na vita vya Warumi nao ni vya Punicus.

Ngara na Biharamulo

Wilaya ya Ngara ina watu waitwao Wahangaza na Washubi. Lugha zao, pamoja na Kiha, Malcolm Guthrie aliziweka katika kundi la D60, pamoja na Kirundi na Kinyarwanda. Na Kihaya, Kinyambo na Kizinza, zilizo jirani, aliziweka katika kundi la E20. Katika lugha hizi zote bu- ni kiambishi cha ngeli, na mara nyingi hutaja nchi, kama u- ya Kiswahili. Walakini mwenye kuyapanga majina ya nchi na ya watu wake ataona kwamba hayaendi katika mstari mmoja:

Bushubi: Mshubi, Washubi.
Bugufi: Mhangaza, Wahangaza.
Rusubi: Msubi, Wasubi.
Kiziba: Mziba, Waziba.
Karagwe: Mnyambo, Wanyambo.

Bushubi na Bugufi zote ni za Ngara, na zote zaanza kwa bu-. Lakini Bushubi ikikatwa kiambishi hutoa jina la watu, na Bugufi ikikatwa haitoi jina la Wahangaza. Rusubi ni nchi ya Biharamulo, nayo ina ru-. Kiambishi hicho katika majina mengine ya kanda hii hutaja lugha, kama Runyambo, lugha ya Wanyambo. Kiziba, iliyo kaskazini ya Bukoba, ina ki-. Na msomaji wa pwani asiyejua aweza kudhani kwamba Kiziba ni jina la lugha, kumbe ni jina la nchi. Tena baina ya Washubi wa Bushubi na Wasubi wa Rusubi mna herufi moja tu, na kwa sababu hiyo vitabu vimepata kuwachanganya. Kiambishi peke yake, basi, hakitoshi kumwonyesha mtu kwamba lile alilo nalo mbele yake ni nchi, au lugha, au namna.

Lugha za huku zina chombo kingine ambacho Kiswahili cha pwani hakinacho kwa asili. Ni silabi -nya-, ambayo huwekwa kati ya kiambishi cha mtu na jina la mahali. Mtu wa Rwanda ni umunyarwanda. Mtu wa Kigali ni umunyakigali. Mtu wa Karagwe, kwa kutajwa nchi yake wala si kabila lake, ni omunyakaragwe. Jina la mahali halikatwi hata kidogo. Rwanda yabaki Rwanda, na Kigali yabaki Kigali, kiambishi na shina pamoja. Kwa hiyo umu- peke yake hushika shina la watu, na umunya- hushika jina zima la mahali. Tofauti hii yafanana na ile ya Sikelos na Sikeliotes, na ya Hispanus na Hispaniensis. Mshubi ni mtu wa watu fulani, popote alipo. Mwenye -nya- ni mtu wa mahali fulani, hata awe wa ukoo gani. Ni kweli kwamba mara nyingine jina lenye -nya- limekua likawa la taifa au la kabila, kama Mnyarwanda au Mnyamwezi. Lakini hilo ni jambo la historia ya matumizi, kama vile Romanus, aliyekuwa kwanza mtu wa mji mmoja, alivyokuwa karibu kila mtu huru wa dola baada ya amri ya Caracalla ya mwaka 212.

Kutoka bu- kwenda u-

Waandishi wa Kiswahili na wageni waliofuata njia za misafara kutoka pwani waliyageuza majina mengi ya bara kwa kuondoa b: Buzinza ikawa Uzinza, Buha ikawa Uha, Burundi ikawa Urundi. Pale ambapo shina la watu lipo, mageuzi hayo hayakuleta madhara makubwa, kwa kuwa Mzinza, Muha na Mrundi walikuwa wakijulikana. Lakini mifano miwili yaonyesha kwamba gharama yaweza kuwapo.

Mfano wa kwanza ni Uganda. Watu wa pwani waliuita ufalme wa Buganda kwa jina la Uganda. Uingereza ilipotangaza himaya yake mwaka 1894, jina hilo likashika nchi iliyokuja kuwa kubwa kuliko ufalme ule, huku ufalme ukibaki Buganda. Shina moja likawa na majina mawili ya mahali, yenye maana mbili. Lakini Kiswahili kimebaki na neno moja la mtu: Mganda ni raia wa Uganda, na Mganda ni mtu wa Buganda. Muacholi wa Gulu ni Mganda kwa maana ya kwanza, si kwa maana ya pili. Varro angalitambua mara moja kwamba hapa pakosekana lile lililopatikana Alba, yaani sifa mbili za kutofautisha mahali pawili.

Mfano wa pili ni mji wa Bujumbura. Katika wakati wa ukoloni uliitwa Usumbura, na ndivyo ulivyoandikwa katika ramani na stempu. Burundi ilipopata uhuru mwaka 1962, jina likarudishwa kuwa Bujumbura. U- ile ililifanya jina lionekane kama nchi ya kabila la Wasumbura, ingawa mji ule haukuwa nchi ya kabila la jina hilo.

Bugarama

Sasa yawezekana kulijibu swali la mwanzo. Kwanza yafaa kuondoa kishawishi cha kutafuta jibu katika maana ya neno. Katika Kirundi na Kinyarwanda liko tendo kugarama, maana yake kulala chali, na mtu aweza kusema upesi kwamba Bugarama ni mahali palipolala wazi, yaani uwanda. Bugarama iliyo kusini-magharibi ya Rwanda, katika wilaya ya Rusizi, yapatana na dhana hiyo, kwa kuwa ni bonde pana la mpunga. Lakini Bugarama ya Muramvya, nchini Burundi, iko juu kabisa ya safu ya milima igawanyayo maji ya Kongo na ya Nile, mahali pa baridi na ukungu, panapokutana barabara kuu. Jina moja limeshika bonde na kilele. Maana ya tendo, basi, haiwezi kuwa msingi wa kuamua umbo la sifa. Msingi ni lazima uwe katika umbo la jina na katika ushuhuda wa watu.

Ushuhuda huo ni huu. Katika majina ya makabila ya Ngara na Biharamulo hamna Wagarama. Wamo Wahangaza, Washubi, Wasubi, Wazinza na jirani zao, na mtu wa Bugarama aweza kuwa mmoja wao yeyote. Kwa hiyo Mgarama ni neno lililoundwa kwa mlinganyo mtupu, na Ugarama vilevile. Likiandikwa, msomaji wa mbali atahesabu kabila moja zaidi, na mtafiti atakayekuja nyuma atatafuta lugha ya Kigarama. Neno hili lapasa kukataliwa.

Mbugarama si kosa la aina hiyo, kwa kuwa halikati jina. Lafuata njia ya Mwunguja na Wagalatia. Lakini m- peke yake, katika masikio ya Waswahili, huelekea kutaja watu wenye lugha na desturi yao, kwani likishapatikana Mbugarama litafuata Kibugarama. Neno hili laeleweka, ila lasema zaidi ya lile linalokusudiwa.

Mnyabugarama lafuata kanuni ya lugha za mahali penyewe, ambazo kwa -nya- hutaja mtu kwa mahali pake bila kugusa kabila lake. Nacho Kiswahili kimekwisha kulizoea umbo hili katika Mnyarwanda. Neno hili lina haki ya kutumiwa pale ambapo wenyeji walitumia. Na pasipo ushuhuda wa wenyeji, mtu wa Bugarama ni msemo ulio salama kuliko yote. Kiungo -a cha Kiswahili hufanya kazi ileile ya -ensis: hushika jina zima, hakidai asili ya mtu, nacho hufaa kwa mtu na kwa kitu. Wako watu wanaodhani kwamba msemo wa maneno mawili ni unyonge wa lugha mbele ya neno moja la Kilatini. Lakini kusema mtu wa Bugarama ni kusema jambo lililo kweli, na kusema Mgarama ni kusema jambo lisilo kweli kwa ufupi.

Kadhalika wingi wa majina waidai tahadhari hiyo. Mbali na Bugarama za Ngara na Biharamulo, na zile za Rwanda na Burundi, iko Bugarama nyingine mkoani Shinyanga, karibu na mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu. Warumi waliokuwa na Alba mbili walizitenga kwa Albani na Albenses. Kiswahili hakina viambishi viwili vya kufanya hivyo, lakini kina kiungo chake, nacho chaweza kurudiwa: mtu wa Bugarama ya Ngara, mtu wa Bugarama ya Msalala. Kufupisha mahali hapa ni kumpoteza msomaji.

Kanuni ya kutunga kamusi

Katika karne ya sita baada ya Kristo, Stephanus wa Byzantium alitunga kitabu kikubwa kiitwacho Ethnika. Humo aliyapanga majina ya mahali kwa utaratibu wa herufi, na baada ya kila jina akaandika sifa ya watu wake. Sehemu kubwa ya kitabu hicho imebaki katika muhtasari tu, lakini hata hivyo ni hazina, kwa kuwa majina mengi yasingalijulikana bila yeye. Kasoro yake yajulikana pia: pale alipokosa ushuhuda, Stephanus mara nyingi aliunda sifa kwa mlinganyo, na leo si rahisi kila mara kupambanua lile alilolisikia na lile alilolibuni.

Kiswahili chahitaji kitabu cha namna hiyo, chenye majina ya mahali ya Afrika ya Mashariki, nacho kikitungwa chaweza kuepuka kasoro ile kwa kushika mambo matatu. La kwanza, kiambishi cha jina la mahali kisikatwe mpaka ipatikane hakika kwamba watu wa mahali pale huitwa kwa shina linalobaki. La pili, umbo lisemwalo na wenyeji liandikwe kando ya umbo la Kiswahili, liwe na -nya- au lisiwe nayo, ili msomaji aone kama laitaja asili au makao. La tatu, pasipo ushuhuda pasiundwe neno, bali pawekwe kiungo -a na jina zima. Kwa kufuata mambo hayo, chini ya herufi B, Bushubi itafuatwa na Mshubi, Bugufi itafuatwa na Mhangaza, na Bugarama itafuatwa na mtu wa Bugarama. Na wala hapatakuwa na Wagarama mahali popote katika kitabu hicho.